Miezi Kumi na Goti la Dada Yetu



Mto Tana unapofurika, habari zinazotoka huku kwetu Garsen huwa ni za nyumba zilizozama, mashamba ya mpunga yaliyomezwa na maji, na barabara iliyokatika. Nazo ni habari za haki. Lakini mafuriko huharibu na vitu vingine visivyoandikwa katika orodha yoyote, na kimojawapo ni goti la dada yetu mkubwa. Sisi ni mabinti watatu wa tumbo moja. Aliyeumia ni yeye. Tuliomuuguza ni sisi wawili, pamoja na mumewe na mavyaa yake. Ametupa ruhusa tuandike kwa sharti la kutolitaja jina lake, na sharti hilo tumelikubali kwa moyo mmoja, kwani tangu siku ile tumekutana na wanawake wengi wenye goti kama lake ambao hawajapata kuambiwa lina nini.

Ilikuwa masika ya 2024. Bara mvua ilikuwa imenyesha kwa majuma, bwawa la Masinga limejaa hadi kufurika, na kama ilivyo tabia ya mto huu, maji yaliyoanguka milimani sisi tuliyapokea siku kadhaa baadaye, pengine chini ya jua kali pasipo hata tone la mvua. Mwezi wa Mei barabara ya Lamu ilikuwa imekatwa na maji upande wa Gamba, na jamaa zetu wengi wa mabondeni wamekwisha kuhamia kwenye miinuko. Dada alikuwa amevuka kwa mtumbwi kwenda shambani kwa mama kuokoa kilichosalia, yaani sufuria, kuku wanne, na gunia la mpunga lililolowa nusu. Aliporudi alishuka ukingoni na gunia begani. Mguu wa kushoto ukazama topeni hadi kifundoni ukashikwa, na papo hapo mtu akamwita kutoka upande wa kulia. Mwili ukageuka kumwitikia, mguu haukugeuka. Alisikia ndani ya goti mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa, akakaa palepale majini. Gunia lilikwenda na mto.

Jinsi alivyoumia ndiyo iliyokuja kutufahamisha kila kitu, kwa hiyo na tuieleze vizuri. Goti limefungwa kwa kano kubwa nne. Mbili zimesimama ubavuni, moja kila upande, na mbili zimepishana katikati, ndani kabisa. Ile ya mbele kati ya hizo zilizopishana kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usichomoke mbele ya mfupa wa paja, na kulituliza goti mtu anapogeuka. Unyayo ukishikwa mahali na mwili ukazunguka, uzito wote huangukia kano hiyo. Ndiyo maana huwapata mno wachezaji wa mpira, na ndiyo maana huwapata pia wale wanaoteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni: ubao hunasa, mwili unaendelea, na mguu hugeuka kuwa kama mtaimbo wa kulizungusha goti. Bibi Lindsey Vonn wa Marekani, aliyekuwa bingwa wa mchezo huo, alikatika kano hii Februari 2013 katika mashindano nchini Austria. Dada alipoonyeshwa picha za maanguko ya namna hiyo kwenye simu alitazama kwa muda mrefu kisha akasema, “Huyu naye ameshikwa na tope, ila tope lake ni jeupe.” Sisi wa Garsen theluji hatujaiona. (Wakenya wenzetu wameiona: Philip Boit alituwakilisha katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, 1998, na Sabrina Simader, binti mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Austria, aliteremka milima ya Korea Kusini kwa jina la Kenya mwaka 2018.) Lakini tope tunalijua.

Kabla ya Alasiri goti lilikuwa limevimba likawa kama dafu. Tulimpeleka kwenye zahanati moja, wakampa vidonge vya maumivu wakasema ameteguka, atatulia. Siku ya pili akaitwa mzee mmoja ambaye mikono yake imeunga mifupa ya watu wengi katika mitaa yetu. Tunajua wasomaji wengi watatarajia sasa tusimulie jinsi mzee alivyoliharibu goti kwa kulikanda. Sivyo ilivyokuwa. Alilishika kwa vidole viwili, akaligusa pia ya goti ikaelea, akaifunga chupa yake ya mafuta ya ufuta. “Hapa hapana mfupa wa kuunga,” alisema, “na ndani mna damu. Nikilichua nitaliongezea. Mpelekeni kwa wenye mashine.” Akakataa hata nauli. Na neno lake lilikuwa la kitabibu hasa, kwani goti linalovimba sana katika saa chache baada ya kugeuzwa mara nyingi huwa limevuja damu ndani, na kuvuja huko ni dalili ya kano kukatika. Mwenye dalili hiyo asingoje juma kupita.

Njia ya Malindi ilipopitika tulikwenda, zaidi ya kilomita 100, Dada amelazwa kiti cha nyuma na mguu juu ya mapaja yetu. Daktari alimlaza, akalikunja goti kidogo, akaushika muundi kwa mikono miwili na kuuvuta. Tuliuona kwa macho yetu ukija mbele kama mtoto wa meza anavyovutwa. Akavuta na wa mguu mzima, huo haukuja. Baadaye kipimo cha MRI huko Mombasa kikathibitisha: kano ya mbele imekatika kabisa, na gegedu ya upande wa ndani imechanika kidogo.

Hapo pana jambo ambalo tunaona linafaa kusemwa polepole. Kano hii ikikatika kabisa, mara nyingi haijiungi yenyewe. Kuna upasuaji wa kutengeneza nyingine, ambapo daktari huchukua kipande cha kano ya mgonjwa mwenyewe, aghalabu ya nyuma ya paja au ya chini ya pia ya goti, akaipitisha katika matundu aliyoyatoboa mifupani. Tulipolisikia hilo tukaanza kuhesabu mbuzi na kuuliza chama cha mama kina akiba gani, tukidhani pasipo upasuaji hapana kutembea. Daktari ndiye aliyetutuliza. Alisema anayetaka kurudi kwenye mpira au michezo ya kugeuka ghafla huhitaji upasuaji mara nyingi. Lakini kwa wengine inajuzu kuanza na mazoezi ya viungo, na goti likiendelea kuchomoka ndipo apasuliwe. Akatutajia utafiti wa Sweden uliochapishwa 2010, uliowafuata vijana 121 wenye mazoea ya michezo. Nusu walipasuliwa mapema, nusu wakaanza na mazoezi huku mlango wa upasuaji ukiachwa wazi. Baada ya miaka miwili magoti ya makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa namna ya maana, na katika wale 59 walioanza na mazoezi, 36 walikuwa hawajahitaji kisu. Hatusemi kila mtu afanye kama Dada. Tunasema swali hili liulizwe kabla ya kuuza ng’ombe.

Basi tukarudi na mikongojo, karatasi ya mazoezi, na mgonjwa wa kukaa nasi muda ambao hatukuujua urefu wake.

Nyumba zetu hazikujengwa kwa ajili ya goti bovu. Jambo hili hulioni mpaka uwe na mgonjwa. Kila kitu cha mwanamke wa pwani kiko chini: jiko liko chini, beseni la nguo liko chini, ungo wa mchele mapajani mwa aliyeketi chini. Mbuzi ya kukunia nazi ina kitako kifupi, ukiikalia magoti hupanda karibu na kifua. Na choo, mtusamehe kwa kulitaja, ni cha shimo, cha kuchutama. Hilo la choo lilimliza Dada kuliko maumivu, maana siku za mwanzo hakuweza kwenda bila mmoja wetu kumshika kwapani, naye ni mama wa watoto wanne aliyezoea kuwashika wengine. Fundi seremala wa jirani alichukua kiti cha plastiki, akakikata tundu katikati, akakizungushia miguu vipande vya mpira wa gurudumu ili kisiteleze. Kiti hicho kilimrudishia heshima yake, wala hakikugharimu zaidi ya kiti na asante.

Nazi alianza kukuna shemeji. Siku ya kwanza alikuna nyama na kifuu pamoja, tui likatoka na madoadoa meusi, na watoto wakala wali wao kimya kwa adabu. Majirani walichungulia kwenye ua kumwona mwanamume juu ya mbuzi. Aliwaamkia mmoja mmoja kwa jina, akaendelea kukuna.

Sala ndiyo iliyotushinda kwa siku kadhaa. Dada hakutaka kusali kwenye kiti. Tulimkuta Alfajiri moja amejaribu kusujudu, hawezi kuinuka, jasho linamtoka. “Paji la uso lisipogusa chini naona kama sijasali,” alisema. Ustadhi wa madrasa alikuja akamweleza kwa upole yale aliyokwisha kuyasikia tangu utotoni: habari ya sahaba Imran bin Huswain, ambaye aliugua akamuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akamruhusu asali kwa kukaa asipoweza kusimama, na kwa ubavu asipoweza kukaa. Akamfahamisha pia kwamba kiti si ruhusa ya kuacha yote. Katika madhehebu yetu ya Shafii kusimama katika faradhi ni nguzo kwa awezaye, kwa hiyo akiweza kusimama asome amesimama, hata kwa kuegemea ukuta, kisha akae kwa yale asiyoyaweza, na ashirie sujudu kwa kuinama zaidi kuliko rukuu. Dada alisikiliza, akasema ndiyo, na Adhuhuri akajaribu kusujudu tena. Aliyemaliza mjadala ni mavyaa yake, bibi wa miaka mingi asiyependa maneno mengi. “Mwanangu, mimi mwaka wa sita huu nasali juu ya kitanda. Kwa hivyo mimi sisali?” Kiti kikawekwa kando ya mswala siku hiyohiyo.

Mazoezi yenyewe hayana fahari. Watu husikia neno mazoezi wakadhani ni kukimbia. Majuma ya kwanza kazi ilikuwa ni kulinyoosha goti lifike mwisho wake: kisigino juu ya leso iliyokunjwa, na paja kukazwa mpaka goti liguse mkeka, likashikiliwa kwa kuhesabu hadi 5, likaachiwa. Kulinyoosha kabisa ni jambo la kwanza, alisema mtaalamu wa viungo, kwa sababu goti lililozoea kukaa limekunjika humfanya mtu achechemee hata baada ya uvimbe kwisha. Barafu tuliinunua kwa wauza samaki, tukaifunga kitambaani isiunguze ngozi. Kisha akaingia kuinua mguu ulionyooka, kuinuka kitini pole pole, kusimama kwa mguu mmoja ameshika fremu ya mlango, kupanda na kushuka kizingiti. Mfuko wa mchele wa kilo 2 uliofungwa kifundoni ulikuwa ndio uzito wake. Mtaalamu alitaka mazoezi mafupi mara nyingi kwa siku, na Dada akayafunga kwenye sala tano. Hivyo hapakuhitajika saa wala kukumbushana. Paja la kushoto lilikuwa limenyauka. Tulilipima kwa futi ya fundi cherehani kila Ijumaa: mwanzoni tofauti na paja la kulia ilikuwa sentimita 4.

Tungekuwa tunaandika ili kupendeza tu, tungeruka sasa tukafika siku ya kupona. Lakini sehemu ngumu haikuwa Mei wala Juni. Ilianza Septemba, mikongojo ilipowekwa nyuma ya mlango. Dada alitembea vizuri, uvimbe umekwisha, haumii. Na mikongojo ilipoondoka, huruma nayo ikaondoka. Kwenye mialiko akapewa tena sinia kubwa abebe. Watoto wakarudisha ndoo kwake. Wakaja na wenye kusema kwamba anadeka, mwanamke mzima anatembea lakini nazi anakuniwa, na mmoja hata alifika kumwambia shemeji kwa mzaha usio mzaha kwamba mwenye jiko lililopoa huruhusiwa kuwasha la pili. Shemeji alimjibu kuwa jiko lake linawaka, ila mpishi ni yeye mwenyewe kwa sasa.

Ilikuwa mwezi huohuo, harusini, ambapo Dada alibeba sinia ya pilau, mtoto akampita mbele, akageuka kumkwepa. Goti likamtoka. Halikumuuma sana, liliacha tu kuwepo kwa nukta moja, kisha likarudi, na pilau ikawa juu ya zulia la watu. Usiku likavimba tena. Mtaalamu wa viungo hakushangaa. Alieleza kwamba maumivu ni ya uvimbe na yakiondoka huondoka mapema, lakini kazi iliyokuwa ya kano sasa imekabidhiwa misuli ya paja, ya mbele na ya nyuma, na misuli haijajifunza. Kutembea mbele moja kwa moja ni rahisi. Kugeuka ndiko kwenye mtihani. Hata wale waliopasuliwa, alisema, wengi hushauriwa wasirudi michezoni kabla ya miezi 9, ingawa kwa macho wanaonekana wazima mapema zaidi. Tena kila mara goti linapochomoka, gegedu iliyobaki inaweza kuchanika zaidi, na gegedu ikiisha ndipo uzeeni mtu huanza kulia na magoti.

Tulipotoka hapo tulikubaliana jambo moja nyumbani, sisi wawili na shemeji na mavyaa: kwamba mpango wa nyumba usitazame mikongojo, utazame futi ya cherehani. Tofauti ya paja isipofika sentimita 1, ndoo haziguswi, sinia hazibebwi, na ukingo wa mto haushukwi. Mavyaa akajitwika kazi ya kuwajibu wenye maneno, na kwa umri wake hakuna aliyerudia mara mbili.

Miezi iliyofuata haina kisa. Ni kizingiti, kiti, mlango, mchele. Kulikuwa na siku Dada aliiweka leso kando akasema amechoka kuwa mwanafunzi wa mguu wake mwenyewe, na siku hizo tulifanya mazoezi pamoja naye, sote watatu tumesimama kwa mguu mmoja ukumbini kama korongo wa mabwawani, na ikadhihirika kwamba mdogo wetu, mwenye magoti mazima, hawezi kusimama hata kwa hesabu ya 20. Kufikia Desemba tofauti ilikuwa sentimita moja na nusu. Januari alianza kufundishwa kugeuka: hatua mbili mbele, ageuke kulia, hatua mbili, kushoto, kwanza juu ya sakafu, kisha juu ya mchanga. Tope aliliacha la mwisho.

Ramadhani ya 2025 ilipoingia mwezi wa Machi, ulikuwa mwezi wa kumi tangu ashuke kwenye ule mtumbwi. Sujudu ilikuwa imekwisha kumrudia miezi kadhaa nyuma, kwanza kwa kuweka mto chini ya goti, kisha bila mto. Tarawehe alizisali pamoja nasi, rakaa 8 za mwanzo kwa kusimama na zilizobaki kwenye kiti, hata lilipofika kumi la mwisho akakirudisha kiti nyuma ya safu, na mama mmoja mwenye magoti mabaya akakiwahi.

Kano haipo, wala haitarudi. Muundi ukivutwa bado huja mbele. Upasuaji hatujaufuta moja kwa moja, kwani goti likianza kuchomoka tena tutarudi kwa daktari. Katika tahiyatu Dada huunyosha mguu wa kushoto pembeni badala ya kuukunja chini yake, na wanaokaa karibu naye wamezoea kumwachia nafasi. Mtoni hushuka kiangazi, wakati ukingo umekauka, na huwa na fimbo. Kile kiti cha tundu kimehamia nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa binti aliyeumia akicheza mpira shuleni. Futi ya fundi cherehani nayo ilikwenda pamoja nacho.

Nazi bado anakuna shemeji. Siku hizi tui lake ni jeupe.